Mizani ya Jikoni na Ijue Lugha ya Sufuria Zetu

Kuna lugha mbili zinazozungumzwa kuhusu chakula katika nchi hii, na wenye kuzizungumza aghalabu hawaelewani. Lugha ya kwanza ni ya zahanati na ya vitabu vya lishe: gramu, kalori, asilimia. Lugha ya pili ni ya sokoni na jikoni: fungu, konzi, gorogoro, kikombe, mwiko, "tia kidogo", "ongeza mpaka ikubali". Mgonjwa wa kisukari hutoka kwa mtaalamu wa lishe akiwa ameshika karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya kwanza, kisha hurejea nyumbani kwa mpishi anayeijua lugha ya pili pekee. Matokeo yake ni kwamba karatasi hubandikwa ukutani, na chakula hupakuliwa vivyo hivyo kilivyopakuliwa jana na juzi.

Hapo ndipo mizani ndogo ya kidijitali inapopata kazi yake. Chombo hiki sasa kinauzwa katika maduka ya vyombo vya nyumbani, na walimu pamoja na wanafunzi wa vyuo ni miongoni mwa wanaokinunua, ama kwa ushauri wa daktari, ama kwa kutaka kupunguza unene, ama kwa kufuata mkumbo. Wengi hukichagua kwa rangi yake, kwa wembamba wake au kwa wingi wa vitufe vyake. Baada ya majuma mawili huachwa juu ya kabati, betri imekwisha, na mwenyewe anadai kwamba kupima chakula ni mambo ya Wazungu.

Nashikilia kwamba kosa si la kupima, bali ni la kuchagua. Mizani ya jikoni si pambo wala si tiba. Ni mkalimani kati ya lugha ya zahanati na lugha ya jikoni. Mkalimani mwema huteuliwa kwa sababu anazifahamu lugha zote mbili, wala hateuliwi kwa sababu ya uzuri wa koti lake. Basi yafaa tuulize kwanza: mizani hii itaingia katika jikoni la namna gani, na itapima nini?

Tuanze na vipimo tulivyorithi. Katika upwa wa Afrika Mashariki nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Methali yetu mashuhuri inasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na neno la kuzingatiwa hapo ni hilo "hujaza". Kibaba hujazwa. Ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Gorogoro ya masoko yetu ya leo ni ndugu yake kibaba, nalo debe ni kaka yao mkubwa. Ukijaza gorogoro kwa mahindi, kisha ukaijaza gorogoro hiyo hiyo kwa unga uliochekechwa, chombo kitajaa mara zote mbili, lakini uzito hautakuwa mmoja. Na ukiutikisa unga huo utashuka, na nafasi ya kuongeza itapatikana. Kila mama anayenunua sokoni anaijua siri hii, ndiyo maana humwomba muuzaji atikise.

Waislamu nao hukutana na suala hili kila mwezi wa Ramadhani unapofikia ukingoni. Zaka ya fitri imetajwa kwa kipimo cha ujazo, na wanaotaka kuitoa kwa kilo hulazimika kukadiria, maadamu pishi ya mchele na pishi ya tende haziwezi kuwa na uzito sawa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba Waswahili hawakujua kupima uzito. Walikuwa na wakia, ratili na frasila, na biashara ya karafuu na ya pembe za ndovu ilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Neno "mizani" lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliotupa "uzani". Kwa hiyo, kupima uzito si jambo geni kwetu. Lililo geni ni kupima uzito wa kinachoingia katika sahani. Mababu walikipima kwa ratili kile kilichouzwa, na walikipima kwa kibaba kile kilicholiwa, kwa kuwa njaa ilikuwa adui aliyejulikana, na kushiba kulitambuliwa na tumbo lenyewe. Leo, pamoja na njaa ambayo bado ipo, tunaye adui wa pili: magonjwa ya kisukari na shinikizo la damu, ambayo hayamngoji mtu ahisi kwamba amezidisha.

Tazama jinsi ushauri unavyotolewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, kwamba asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kwamba nishati anayoipata kutokana na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, asilimia hiyo ni kama gramu 50 za sukari. Haya ni maneno mazuri. Lakini gramu 400 za sukuma wiki ni mafungu mangapi? Gramu 5 za chumvi ni kijiko kipi? Je, kijiko cha sukari kilichorundikwa mfano wa kichuguu na kijiko kilichosawazishwa kwa kisu ni kijiko kimoja? Mwenye mizani atajibu kwa dakika moja. Asiye nayo atabahatisha, na mwenye kubahatisha hujipendelea.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Sifa ya kwanza ni uzito wa juu kabisa ambao mizani inaweza kubeba. Mizani nyingi za jikoni hubeba kilo 3, kilo 5 au kilo 10. Matangazo hutuonyesha mizani iliyobeba tufaha moja au vipande vitatu vya keki. Hayo si mapishi yetu. Sisi hupika katika sufuria moja, kwa ajili ya watu watano, sita au wanane, kisha hupakua. Sufuria yenye maharagwe ya jamaa mzima, pamoja na mchuzi wake, huweza kupita kilo 3 bila taabu. Ikumbukwe pia kwamba uzito wa chombo huhesabiwa katika uwezo huo hata ukirudisha sifuri: sufuria ya gramu 700 ikiwekwa juu ya mizani ya kilo 3, nafasi iliyobaki ni ya kilo 2 na gramu 300 tu. Kwa hiyo, mwenye jamaa na asikubali mizani iliyo chini ya kilo 5. Mwanafunzi anayejipikia peke yake katika chumba cha kukodi aweza kuridhika na ile ya kilo 3.

Sifa ya pili ni kiwango kidogo kabisa ambacho mizani huonyesha. Kwa shughuli za chakula, gramu 1 yatosha. Muuzaji atakusifia mizani inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu, na bei yake itapanda, ilhali hiyo hubeba uzito mdogo na kazi yake ni ya dawa, ya vito au ya maabara. Hapa sina budi kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: udogo wa tarakimu na ukweli wa tarakimu. Mizani yaweza kuonyesha gramu 151 na siyo 150, na bado ikawa imekosea kwa gramu nne. Tarakimu ndogo ni ahadi, ukweli wake huthibitishwa kwa majaribio.

Walimu wa fizikia watanikumbusha, na wana haki, kwamba mizani hizi hazipimi tungamo moja kwa moja. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kinapobebeshwa mzigo. Nyaya nyembamba zilizobandikwa juu yake hubadilika ukinzani wake wa umeme, na mabadiliko hayo hugeuzwa kuwa tarakimu. Kinachopimwa, basi, ni kani ya mvutano, na mvutano wa dunia hapa kwetu kwenye ikweta ni mdogo kuliko ulivyo Ulaya. Mizani iliyosawazishwa London, ikiletwa Nairobi bila kusawazishwa upya, itapunguza gramu tatu au nne hivi katika kila kilo. Kwa sahani ya gramu 200 tofauti hiyo haifiki gramu moja, wala haimdhuru mtu. Natoa mfano huu ili mtu asilipe fedha za ziada kwa ajili ya sehemu ya kumi ya gramu, wakati hata mahali alipo duniani pameshaibadilisha.

Sifa ya tatu, nayo ni ya lazima, ni kitufe cha kurudisha sifuri. Unaweka bakuli tupu, unabonyeza, mizani inasoma sifuri. Unatia mchele, unausoma uzito wake. Unabonyeza tena, unatia njegere, unausoma wa njegere. Kitufe hicho mara nyingi kimeandikwa TARE, na wengi hulidhani neno hilo kuwa la Kiingereza cha asili. La hasha. Limesafiri kutoka Kiarabu kupitia Kiitalia na Kifaransa, na maana yake ya awali ni kile kinachotupwa, yaani kisichohesabiwa. Kwa hivyo mizani na kitufe chake wametoka katika lugha moja, wakapitia njia mbalimbali, na wamekutana tena katika majiko yetu. Hakuna sababu ya mpishi kukiogopa kitufe hicho. Akiite kitufe cha sifuri, na kazi iendelee.

Sifa ya nne ni umbo. Uso wa kuwekea uwe mpana na bapa, na dirisha la tarakimu lisifunikwe na sahani. Kuna mizani nzuri kwa kuitazama ambazo, ukiweka sinia juu yake, hutaona hata tarakimu moja mpaka uinamishe kichwa chini ya meza. Uso wa chuma au wa kioo hufutika kwa urahisi, lakini kioo na sufuria yenye moto havipatani. Weka kitambaa kinene au kibao kwanza, kisha urudishe sifuri, ndipo uweke sufuria. Joto huharibu usomaji hata pale ambapo halikivunji kioo.

Sifa ya tano ni betri. Nyingine hutumia betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, nyingine hutumia zile nyembamba za kawaida zinazopatikana katika kila kibanda. Aliye mbali na mji na achague za kibanda. Mizani iliyonyamaza kwa kukosa betri ya pekee ni sawa na mkalimani aliyepoteza sauti katikati ya kesi.

Kisha, kabla ya kulipa, jaribu. Weka pakiti ya sukari ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa. Isome kilo moja na gramu chache za karatasi yake. Iweke katikati, kisha pembeni: tarakimu zisipishane sana. Iondoe na uirudishe mara tatu: jibu liwe lile lile. Halafu weka kitu kizito, na juu yake uongeze kitu kidogo kama kijiko, uone kama mizani imekitambua. Mizani nyingi zina tabia ya kudhani kwamba nyongeza ndogo iingiayo polepole ni mtikisiko tu, nazo huipuuza. Ukimimina chumvi punje kwa punje juu ya mizani ya namna hiyo utamaliza kijiko kizima nayo ingali inasoma pale pale. Muuzaji asiyekubali majaribio haya amekwisha kukupa jibu.

Nionye pia kuhusu kitufe cha mililita, kwani hapa mkalimani husema uongo. Mizani haioni ujazo. Ikiandika mililita 100, imehesabu tu kwamba kilichowekwa ni maji, ambayo mililita moja yake ina uzito wa gramu moja. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji: mililita 100 zake zina uzito wa gramu 92 hivi. Anayefuatilia mafuta, na ayafuatilie kwa gramu, tena ayafuatilie kwa bidii, kwa sababu gramu 10 tu za mafuta zina kalori zinazokaribia 90. Na anayeona mizani yake ikisoma tarakimu za ajabu aangalie kama haijahamia kwenye wakia au ratili kwa kubonyezwa bila kukusudia. Wakia moja ni zaidi kidogo ya gramu 28. Atakayezichanganya atakuwa amekula mara 28 ya alichokusudia, au amelala njaa.

Ama mizani zinazojiunga na simu, sioni kwamba zinamfaa msomaji wa kawaida. Programu nyingi za namna hiyo zimejengwa juu ya vyakula vya nchi nyingine. Ukiandika githeri, mrenda au omena huenda zikakutajia kitu kisichohusiana. Sisi tuna majedwali yetu ya virutubishi vya vyakula, yaliyochapishwa mwaka 2018 na Serikali ya Kenya kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Majedwali hayo huhesabu kila kitu kwa gramu 100 za sehemu inayolika. Mizani ya kawaida, daftari na majedwali hayo vinatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chakula ni mali.

Maneno hayo, "sehemu inayolika", yana uzito wake. Ndizi hupimwa bila ganda lake, na kuku hupimwa bila mifupa. Tena kuna tofauti ya kibichi na kilichopikwa, ambayo ndiyo inayowapotosha wengi. Maharagwe makavu yakichemshwa huongezeka uzito zaidi ya maradufu, na mchele vivyo hivyo, kwa sababu ya maji. Aliyeambiwa gramu 70 za mchele akapima gramu 70 za wali atakonda bila kujua kwa nini. Na aliyeambiwa gramu 150 za wali akapima mchele atashangaa dawa zake hazifanyi kazi. Mgonjwa asiondoke mbele ya mtaalamu kabla ya kuuliza swali hili moja: uzito huu ni wa kibichi au wa kilichoiva?

Hebu tuchukue ugali, kwa kuwa ndio mtihani wa mizani yoyote hapa kwetu. Tuseme mpishi amepima gramu 600 za unga. Maji hayana haja ya kupimwa. Ugali ukiiva, sahani kubwa tupu inawekwa juu ya mizani, sifuri inarudishwa, ugali unapinduliwa juu ya sahani, na mizani inasoma gramu 1,700. Gawa 600 kwa 1,700: kila gramu 100 za ugali huu zina gramu 35 hivi za unga. Yule aliyeshauriwa gramu 70 za unga kwa mlo atapewa gramu 200 za ugali, na wengine wataendelea kula kama walivyozoea. Hakuna aliyepikiwa chungu cha peke yake, na hakuna aliyetengwa mezani. Kesho ugali ukiwa laini zaidi, hesabu itabadilika, lakini njia ni ile ile. Hii ni hesabu ya darasa la sita, nayo ina manufaa kuliko mengi tuyafundishayo.

Kuhusu chumvi, njia ni nyingine kabisa, kwa maana gramu moja moja haipimiki vyema kwa mizani ya jikoni. Hapa tupime siku badala ya vijiko. Watu wazima watano, kila mmoja akiwa na gramu 5 kwa siku, hutumia gramu 25. Pakiti ya gramu 500 basi haifai kumalizika kabla ya siku 20, tena hapo hatujahesabu chumvi iliyomo katika mkate na katika viungo vya pakiti. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Hiyo pia ni mizani.

Wapo watakaopinga, na pingamizi zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema kwamba kumpimia mtu chakula ni uchoyo, nasi ni watu wa "karibu tule". Nakubaliana naye kwa upande wa mgeni. Sahani ya mgeni haipimwi, wala mizani haiwekwi mezani mbele ya watu. Mahali pake ni jikoni, kabla ya kupakua, na kwa yule tu aliyeihitaji. Wa pili atasema kwamba kupima hugeuka kuwa maradhi ya moyo, mtu akaogopa kila tonge. Hili nalo ni kweli, hasa kwa vijana wa sekondari na wa vyuo, ambao hutazama picha za miili ya watu wengine na kuidharau yao. Mtoto anayekua hapaswi kuwekewa mizani, na kijana anayeanza kujinyima chakula kwa kufuata tarakimu anahitaji kusaidiwa na watu, wala hahitaji mizani iliyo bora zaidi. Wala asiwepo atakayejipangia kiasi cha wanga kwa sababu amenunua mizani, hasa akiwa anatumia insulini. Mizani hutafsiri agizo. Haitoi agizo.

Wa tatu atasema kwamba ni anasa, na kwamba nyumba nyingi hazina hata cha kupima. Kwa huyu jibu langu ni kwamba mizani ya jikoni si lazima iwe ya nyumba moja, wala haihitaji kutumika maisha yote. Kazi yake kubwa ni kutufundisha vyombo vyetu wenyewe. Pima kikombe chako cha kila siku kikiwa na mchele, andika. Pima mwiko mmoja wa ugali wako, andika. Pima kijiko cha sukari kilichorundikwa na kilichosawazishwa, andika. Pima fungu la sukuma wiki la muuzaji wako wa kila jioni, na konzi yako ya njugu. Baada ya mwezi mmoja jicho na mkono vitakuwa vimejifunza, na mizani yaweza kupewa jirani. Mkalimani mwema ni yule ambaye, baada ya muda, wenyeji na wageni huelewana bila yeye.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Shule moja ikiwa na mizani moja ya kilo 5 na gramu 1, somo la hisabati litapata uwiano, somo la sayansi litapata tofauti ya tungamo, uzito na ujazo, na somo la Kiswahili litapata kibaba, kisaga, pishi, ratili na wakia vikiwa vitu vya kushikwa mkononi, si maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi wa ushairi anayehesabu mizani za mshororo, 8 kwa 8, atatambua kwamba neno hilo hilo limekaa jikoni kwao. Na mwalimu atapata nafasi ya kumsahihisha yule anayesema "mzani mmoja, mizani miwili", kwa kudhani kwamba kila neno lianzalo kwa "mi" ni wingi. Ni mizani moja, mizani mbili.

Kila darasa na litengeneze jedwali lake: upande mmoja vipimo vya jikoni za wanafunzi, upande wa pili gramu. Jedwali la Lamu halitafanana na la Kakamega, kwa sababu vikombe, vyakula na mikono si mamoja. Likipelekwa katika zahanati ya karibu, mtaalamu wa lishe ataweza kumwambia mgonjwa "vikombe viwili vya nyumbani kwako" badala ya tarakimu isiyoshikika.

Wenye maduka nao nawakumbusha jambo moja. Mizani ya jikoni haiuziwi bidhaa. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri. Mwalimu anayeuza keki au njugu kwa uzito baada ya saa za kazi na alitambue hilo. Na wanaoingiza mizani hizi nchini wafanye hisani ya kuchapa maelezo yake kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ni ajabu kumuuzia mtu mkalimani ambaye maelezo yake yenyewe yanahitaji mkalimani.

Basi atakayeingia dukani mwishoni mwa mwezi huu na apite penye rangi na matangazo, aulize mambo haya: Yabeba kilo ngapi? Yaonyesha gramu moja? Yarudisha sifuri? Sahani yangu haitafunika tarakimu? Betri yake nitaipata kijijini? Akijibiwa vyema, na mizani ikashinda majaribio, anunue. Kisha siku ya kwanza asianze kwa kujipimia tonge. Aanze kwa kuvipima kikombe, mwiko na kijiko ambavyo vimemlisha miaka yote bila ya yeye kujua vinabeba nini.